Nani Anaigombeza Benki

Kuna neno moja siku hizi nikilisikia redioni nazima redio. Neno lenyewe ni sarafu. Halina ubaya wowote, hata mtoto anayetumwa dukani kununua chumvi analijua. Lakini mimi nililitamka siku moja mbele ya umati, kwenye kipaza sauti, nikiwa nimevaa shati la kuazima, na tangu hapo mama mdogo wangu hana biashara.

Mimi ni mwalimu wa Kireno. Nilikuwa na kazi hiyo Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, kabla ya vita, na baada ya vita shule imekuwa ikiniita inaponihitaji tu. Mama yangu mzazi alifariki sijaanza kusoma, nikalelewa na mdogo wake. Ukoo wetu ulitoka upande wa Mtwara siku za babu, na watu wake hawajawahi kuuchukulia mto Ruvuma kuwa ni mpaka wa kitu chochote. Mama mdogo alikuwa analeta sabuni za mche, sufuria, ndala na vitenge kutoka Mtwara, anauza sokoni kwetu. Kwa faida ya sabuni alinisomesha mpaka Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu. Majirani walimcheka, wakamuuliza Kireno kitaliwa na nini. Aliwajibu kwamba amechoka kutia dole gumba kwenye karatasi asizojua zinasema nini.

Alikuwa na ulimi. Sijapata kumwona mtu anayejua kugombeza kama yeye. Alinigombeza kwa kuchelewa na kwa kuwahi, kwa kula haraka na kwa kuacha chakula. Nilipopata mshahara wa kwanza nikampelekea wote, alinigombeza kwa sababu nimebaki bila nauli ya kurudia. Nilipooa alinigombeza mbele ya wakwe. Watu wengine walimwogopa. Mimi nikigombezwa na mama mdogo nilijua nina mtu.

Vita vilipoingia mjini tulitawanyika. Mimi na mke wangu tulikwenda Pemba, yeye akavuka mto akakaa kwa ndugu zake Mtwara miaka kadhaa, akikaanga vitumbua. Tuliporudi, mji ulikuwa na kuta nyingi kuliko mapaa. Benki zilikuwa zimefungwa. Mwenye mshahara alipanda gari akasafiri siku nzima kwenda kuutoa, na sehemu yake akaila njiani. Sokoni zilizunguka pesa za aina mbili, metikali ya kwetu na shilingi ya Tanzania, na kila muuza samaki aliijua bei ya shilingi ya siku hiyo bila kumuuliza mtu. Mama mdogo alirudi na mtaji wake wote kibindoni, noti za shilingi ndani ya mfuko wa plastiki uliokuwa wa chumvi. Hakuwa na kingine duniani. Nia yake ilikuwa kuongezea kidogo, kisha avuke, alete mzigo, afungue tena kibanda chake sokoni.

Nilimwambia mara moja kwamba angebadilisha zile noti ziwe metikali, awe na amani. Akanikumbusha kopo la baba yake. Pesa ya Mreno ilipoondolewa ikaja metikali, watu walipewa siku chache tu za kupanga foleni, na siku hizo baba yake alikuwa upande wa pili wa mto kwenye msiba. Aliporudi, kopo lake la eskudo lilikuwa kopo la karatasi. Karatasi zile walipewa watoto wachezee duka. Mama mdogo husema alijifunza biashara kwa pesa zilizokufa, na ndiyo maana haweki imani yake yote kwa pesa ya serikali moja.

Basi zikaja habari kwamba wageni wa benki kuu wanakuja kufanya palestra, yaani mkutano wa kuwaelimisha watu. Wageni wenyewe walijua Kireno tu. Ofisi ya wilaya ikanitafuta mimi niwe mkalimani. Kichwa kilinivimba, sikatai. Kulikuwa na uvumi kwamba benki kuu itafungua ofisi ndogo kwa ajili ya wilaya za pwani, kuanzia kwetu hadi Quiterajo na Mucojo huko kusini, na kwamba itamtaka mtu wa hapa anayejua lugha. Uvumi huo sijui ulianzia wapi, lakini mimi niliuamini kuliko nilivyoamini mambo mengi yaliyoandikwa. Niseme wazi basi: nilikuwa naitaka ile kazi. Kila nilichofanya siku ile, na kila ambacho sikukifanya, kilitokana na hilo.

Kiongozi wa wageni, ambaye wote walimwita senhor director, alikuwa mtu mpole. Ningependa kusema alikuwa na dharau, ingenirahisishia maisha. Hakuwa nayo. Asubuhi ya mkutano alinikaribisha chai kwenye nyumba ya wageni, akanieleza maneno yake moja moja ili nisije nikakwama. Alianza na independente, yaani yenye uhuru. Zamani, alisema, enzi za chama kimoja, benki ilikuwa dirisha moja. Iliyochapa pesa ndiyo iliyokopesha viwanda, ndiyo iliyolipa mishahara, na mkubwa akitaka pesa alipiga simu tu. Zikachapwa mpaka zikakosa maana. Nchi zilizotoka kwenye mfumo ule na kuingia kwenye soko huria zilijifunza jambo hilo kwa machungu, na sisi tukiwa mojawapo. Ndiyo maana sheria ya leo inataka benki kuu isipokee amri kutoka kwa mtu anayetafuta kura.

Niliona ana haki, na mpaka leo, pamoja na uchungu wote nilionao, naona ana haki. Nazikumbuka foleni za sukari za utoto wangu. Mtu alifika dirishani na pesa zake mkononi akaambiwa sukari hakuna, arudi nazo nyumbani. Sitaki mkubwa yeyote aishike tena ile simu.

Kisha akaja neno la pili: prestação de contas. Benki yenye uhuru, alisema, lazima ieleze ilichofanya na kwa nini. Redio ya Tanzania, niliyoisikiliza tangu utoto, ina neno lake kwa jambo hilo, uwajibikaji. Kwetu hakuna anayelitumia. Nikaandika kwenye karatasi yangu: kutoa hesabu. Nilijiona mkalimani hodari, anayejua lipi la redio na lipi la sokoni. Mtu akijiona hivyo asubuhi, afadhali angebaki nyumbani.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule, chini ya turubai. Wakubwa walikaa kwenye viti vya plastiki, watu kwenye mikeka na matofali. Kulikuwa na jenereta, na kila lilipokohoa sauti yangu ilikatika. Nikaanza. Nikasema benki kuu ya nchi yetu ina uhuru wake.

Mzee mmoja wa safu ya mbele akauliza, "Imepata lini?"

Watu wakacheka. Mzee akaendelea, "Na bendera yake iko wapi?"

Director akaniinamia akauliza wanacheka nini. Nikamwambia wamefurahi. Ilikuwa rahisi kusema hivyo, na yeye alifurahi pia. Nikaendelea na hesabu. Nikasema benki hutoa hesabu ya ilivyofanya kazi. Mwalimu wa madrasa, mtu mtaratibu asiyependa mzaha, akataka kujua hesabu hiyo inatolewa hapa duniani au kule. Hakuwa anatania. Kwa mtu wa kwetu hesabu kubwa ni ile ya kaburini na ya Kiama, na aliona ajabu kwamba benki nayo inaisubiri. Nikamwambia ni hapa hapa, shehe. Akatikisa kichwa, akasema basi ni jambo jema.

Ndipo mama mdogo akasimama. Aliifunga khanga yake vizuri kwanza, kama afanyavyo anapotaka kumpeleka mtu msobemsobe.

"Nimesikia mie," alisema. "Benki haipokei amri ya raisi wala ya waziri. Vizuri, maana wale tunawajua. Lakini mtoto asiyetumwa na mtu, akivunja sufuria, lazima yuko wa kumgombeza. Sasa benki ikikosea, nani anaigombeza?"

Nilitafsiri vizuri. Naweza kujivunia angalau hilo, swali lile nililipeleka kama lilivyokuwa, pamoja na sufuria yake. Director hakucheka. Alifikiri, akajibu kwamba gavana huandika taarifa, kwamba taarifa hizo hazifichwi, kwamba ziko kwenye ukurasa wa benki mtandaoni na kila raia ana haki ya kuzisoma. Nikayageuza maneno hayo kwa Kiswahili. Mtandao kwetu ulikuwa umekatika tangu Ijumaa.

"Kusoma nitasomewa," akasema mama mdogo. "Nimeuliza kugombeza."

Watu wakacheka tena, kwa nguvu zaidi. Director akanitazama. Nikamwambia, "Mama anashukuru kwa maelezo."

Jambo la mwisho kwenye karatasi yake lilikuwa fupi. Hairuhusiwi kufanya biashara nchini kwa moeda estrangeira, na anayevuka mpaka na moeda estrangeira lazima aitaje kwa maofisa. Mimi nikasema, kwa ile sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari: "Hairuhusiwi kufanya biashara hapa kwa sarafu za kigeni. Na anayevuka mpaka na sarafu za kigeni lazima azitaje."

Kwenye redio na kwenye vitabu, sarafu ni pesa ya nchi, ya chuma na ya karatasi. Sokoni kwetu sarafu ni kile kichuma kinachogongana mfukoni, basi. Na Kireno kina mtego huo huo, maana moeda ni pesa ya nchi, na moeda ni kichuma vilevile. Mtu wa soko letu, ukimwambia kwa Kiswahili au ukimwambia kwa Kireno, anasikia vichuma. Ningesema pesa za kigeni, hata kuku wa pale shuleni wangeelewa. Nilisema sarafu kwa sababu lilisikika la kisomi zaidi.

Niliona watu wakipata nafuu nyusoni. Walikuwa wamekuja na hofu ya shilingi zao. Muuza nazi mmoja akasema kwa sauti, "Nani anavuka mto na sarafu? Zitamzamisha bure." Kikapasuka kicheko kikubwa kuliko vyote vya siku ile.

Nilielewa papo hapo. Sitasingizia joto wala jenereta. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu, na sentensi iliyohitajika ilikuwa fupi sana: jamani, na noti pia. Lakini director alikuwa anatabasamu kwa kile kicheko, akidhani palestra imeingia mioyoni. Mkuu wa wilaya alikuwa anaangalia saa. Na kujisahihisha ni kukiri kwamba umekosea, tena mbele ya mtu unayetaka akuajiri. Nikajiambia nitawaeleza baadaye, mmoja mmoja. Nikakunja karatasi yangu. Nilipewa kofia yenye picha ya noti, na chupa mbili za maji.

Mama mdogo aliningoja langoni. Nilijua atanigombeza kwa shati, lilikuwa kubwa mabegani. Badala yake akasema, "Leo umesema vizuri. Hata mie nimeelewa yote."

Ningemwambia pale. Tulitembea pamoja mpaka kwake, kwa mwendo wake wa magoti yenye maumivu, nikawa na muda wa kumwambia mara kumi. Sikumwambia. Katika maisha yangu yote alikuwa hajanisifu, na mimi, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, sikutaka kuirudisha ile sifa siku ileile niliyopewa.

Hazikupita wiki mbili akaondoka kwenda Mtwara kuleta mzigo. Sikujua kama anaondoka siku ile, lakini sitaki kujificha nyuma ya hilo. Nilijua kwamba ataondoka. Alinieleza mwenyewe yaliyompata, na alieleza mara moja tu. Kwenye kituo cha mpakani kijana mmoja wa forodha, aliyetoka mikoa ya mbali, alimuuliza kwa Kireno kama ana moeda estrangeira. Neno hilo mama mdogo alilijua kutoka sokoni kuwa ni vichuma, na sarafu zangu za kwenye palestra zilimthibitishia. Akajibu hana, tena kwa moyo mweupe kabisa. Akamgeukia mwanamke aliyekuwa nyuma yake akamwambia, "Sarafu mie niwe nazo za nini?" Wakampekua. Wakakuta kibindo, mfuko wa chumvi, noti.

Angejibu ndiyo, angejaza karatasi moja na kupita. Kwa kuwa alijibu hapana, ilikuwa ni kuficha, na zilizofichwa huzuiliwa. Hawakumpiga, hawakumtukana. Walimwandikia hati yenye muhuri, wakamwonyesha kivuli cha kukaa mpaka lipatikane gari la kurudi.

Alikuja moja kwa moja kwangu, na vumbi la njia, akanipa ile hati. "Nisomee."

Nikasoma. Mke wangu alimletea maji, hakuyagusa.

"Kwani noti ni moeda?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Na ni sarafu?"

"Kwa Kiswahili cha vitabu, ndiyo."

"Wewe ulijua, siku ile?"

Nikasema nilijua. Nikainamisha kichwa nikasubiri. Nilikuwa tayari kwa lolote, aniite mbwa, aniite msomi wa makopo, awaite majirani washuhudie. Nilitamani afanye hivyo. Alikunja hati ikarudi kwenye mikunjo yake ileile, akasema mchana unakwenda na hana maji ndani, akaondoka kwenda kuchota.

Kesho yake nikaiazima ile hati kwake, nikaanza kuhangaika. Nilikwenda kituoni mpakani. Mkuu wa pale alinipokea vizuri, akasema wao hawatungi kanuni za pesa, kanuni ni za benki kuu, wao wanatii tu. Nikarudi, nikapata gari la kwenda Pemba, nikafika kwenye kaunta ya benki yenyewe. Dada wa pale, mpole naye, kila mtu katika habari hii ni mpole, akasema benki hutoa kanuni lakini haiingilii kazi ya watu wa mpakani. Nikaenda kwa mkuu wa wilaya. Akasema wote wawili hawapo chini yake, hawezi kuwaamrisha. Nilipigwa danadana kwa heshima zote, kwa kiti na glasi ya maji. Kila mlango ulikuwa na uhuru wake. Sikukuta mwizi hata mmoja, na jambo hilo lilinikasirisha kuliko wizi.

Lakini yule dada wa kaunta aliniambia jambo lingine, na hili ndilo ninalolibeba. Aliniuliza mama alijuaje mambo ya moeda. Nikamwambia alihudhuria palestra. Akaandika kitu, akasema kama alielezwa vibaya kwenye mkutano rasmi, basi kuna njia. Aliyemweleza aandike barua akiri kwamba alieleza vibaya, asaini, nao watairudisha kesi itazamwe upya. Akanionyesha kwenye hati tarehe ya mwisho ya rufaa. Ilikuwa bado mbali, miezi mitatu mbele.

Barua yenyewe ingekuwa na mistari minne. Mimi, fulani, mkalimani, nilitumia neno lisilofaa, nikaona limeeleweka vibaya, nikanyamaza. Nimesahihisha insha za watoto maisha yangu yote. Niliiandika kichwani njia nzima ya kurudi, na nilipofika nyumbani nikaambiwa director amepiga simu wilayani kuulizia yule mkalimani wake mzuri, kwamba wanarudi kufanya mkutano wa pili. Barua ikabaki kichwani. Nilijiambia hivi: kwanza kazi, kisha nikiwa ndani nitaisukuma kesi yake mwenyewe. Mama mdogo aliponiuliza wamesemaje Pemba, nikamwambia wanashughulikia. Na usiku na mchana nilikuwa na sentensi yangu ya kujipoza, kwamba si mimi niliyeweka sheria, mimi nilitafsiri tu. Mkalimani haegemei upande wowote. Nilikuwa nimekwisha kuongea kama wao.

Wageni walirudi siku mbili kabla ya ile tarehe ya mwisho. Turubai lilelile, jenereta lilelile. Mama mdogo alikuja mapema, akakaa safu ya mbele, akiwa na hati yake imefungwa kwenye pindo la khanga. Director alisema maneno machache ya kuwasalimu, akasema safari hii amekuja zaidi kusikiliza. Akauliza nani ana swali.

Mama mdogo akasimama, akaifungua hati, akaishika juu watu waione.

"Mie nilitii," alisema. "Niliambiwa sarafu, sikubeba sarafu hata moja. Zimechukuliwa noti zangu, ndio mtaji wangu wote, na leo nina karatasi hii. Sigombani na benki, benki inakaa mbali. Aliyesimama hapo akatuambia sarafu, akatusikia tukicheka, akanyamaza kuhusu noti, huyo yuko karibu. Nauliza, nani anamgombeza?"

Uwanja wote ulinitazama mimi. Director naye alinitazama, kwa uso wa upole, akisubiri Kireno.

Nadhani mama mdogo alikuwa ananipa nafasi. Nimelifikiria jambo hili sana, na sioni maana nyingine ya kulileta swali lile mbele za watu, wakati angeweza kuliuliza mlangoni kwangu. Angeweza hata kulitaja jina langu, na hakulitaja. Aliniachia nilitaje mwenyewe.

Nikasema kwa Kireno, Kireno safi, cha kufundishia: "Mama huyu anataka kujua kama benki itaendelea kuwaelimisha wananchi kuhusu pesa za kigeni, maana wapo waliopata usumbufu kwa kutokujua."

Director akakunja uso kwa huruma. Alisema ni swali muhimu sana. Akamshukuru mama. Akaahidi vitaletwa vipeperushi, na vya Kiswahili pia, na alinigusa bega aliposema vya Kiswahili. Nikayatafsiri yote hayo kwa mama mdogo, bila kukosea hata neno moja.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu aliyeuza sokoni miaka yote ile, kwa askari, kwa makarani, kwa wake wa wakubwa, hawezi kukosa Kireno cha kumtosha. Alimgeukia director, akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Obrigada, senhor director." Kisha akanisogelea karibu, mbali na kipaza sauti.

"Kireno hicho nilikilipia mie," akasema, akarudi kukaa.

Jioni ile niliandika ile barua, mistari yake minne. Nikaipeleka Pemba mwenyewe. Njia ilifungwa siku tatu kwa ajili ya usalama, tukalala kwenye gari, na nilipofika kaunta tarehe ilikuwa imepita juzi yake. Yule dada aliipokea, akaipiga muhuri wa kupokelewa, akanisikitikia. Alisema angekuwa na uwezo angeipitisha, lakini muda umewekwa na sheria na yeye hawezi kuusogeza. Nilimwamini. Ofisi ya wilaya za pwani haikufunguliwa, na nilipouliza niligundua kwamba hakuna mtu wa benki aliyewahi kuisikia.

Siku hizi mama mdogo anakaanga vitumbua mbele ya lango la shule. Nikiitwa kufundisha napita hapo asubuhi, na ananifungia viwili kwenye karatasi kabla sijaomba. Hataki nilipe. Ananiuliza hali ya mke wangu, ananiuliza kama nimeamka salama. Zamani aliniita mwanangu, na akikasirika aliniita majina ya wanyama. Sasa ananiita mwalimu, kama wazazi wengine wote wanaopita pale.

Nimejaribu kumchokoza. Nimefika nimechelewa kwa makusudi, shati halijapigwa pasi. Nimeacha kitumbua nusu mbele ya macho yake. Anaendelea kugeuza vilivyo kwenye mafuta. Hakuna tena wa kunigombeza. Uhuru wangu nimeupata.